Ukirudi Gahanga Kumtetea Binti wa Kaka Yako

Ukifika nyumbani, usiitishe kikao siku ya kwanza, wala ya pili. Wanawake wengi wanaorudi Gahanga, pembezoni mwa Kigali, kutoka Dar es Salaam, Kampala, Brussels au Ottawa huja na hotuba waliyoipanga njia nzima, na katika mengi wanayotaka kusema wana haki kabisa. Ila hotuba ya mapema huwapa watu wa nyumbani jibu jepesi kuliko yote: huyu amesahau kwao. Jibu hilo likishatoka kinywani mwa kaka au baba mdogo, kila utakachosema baadaye kitapokewa kama cha kigeni, hata kiwe kifungu cha sheria kilichopitishwa na bunge pale Kimihurura.

Uchungu wake ni kwamba kwa Rwanda sheria ipo tayari. Sheria ya Novemba 1999 ilimpa binti haki sawa na ndugu yake wa kiume katika urithi. Ikafuatwa na ya 2016, na tangu 2024 ipo sheria mpya ya watu na familia iliyosimama palepale. Katiba inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na katika uchaguzi wa Julai 2024 walipata viti 51 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge. Msichana anayezaliwa leo Karembure au Nunga, ndani ya Gahanga hii hii, anazaliwa katika nchi ambayo wanawake wengi duniani wanaitamani kwenye karatasi. Penye kasoro ni nyumbani, kati ya saa kumi na moja jioni anapotoka shule na saa tatu usiku anapopata nafasi ya kufungua daftari. Saa hizo hazina mbunge. Ndizo zako.

Kaa kwenye kiti cha shangazi

Kabla hujatafuta shirika, mfadhili au kipeperushi, kumbuka wewe ni nani katika ukoo. Kwa mila ya Kinyarwanda, shangazi ana sauti juu ya binti wa kaka yake kuliko karibu mwanamke mwingine yeyote. Ndiye aliyemfundisha mambo ya mwili na ya ndoa, ndiye aliyemsimamia siku ya kuolewa, na kaka mtu alijua kwamba mambo ya binti yake hayaendi bila dada yake kusikilizwa. Kiti hicho hakijabomolewa. Kimekaa wazi tu, kwa sababu mashangazi wengi wako mbali au wamechoka.

Basi kikalie kwa taratibu zake. Salimia wazee nyumba kwa nyumba, anza na wakubwa. Ukienda kwa baba mkubwa, usimtaje mtoto siku hiyo. Nenda na kilo ya sukari, sikiliza habari za magonjwa na za mvua, kaa mpaka uambiwe karibu tena. Huku ndiko kujenga haki ya kusema. Mwanamke aliyekaa ughaibuni miaka mingi bila kuja msibani wala harusini ana deni la kulipa kwanza, na deni hilo hulipwa kwa kuonekana.

Ukishakaa, sema kwa ushangazi wako. “Kaka, mimi ni shangazi wa huyu mtoto, nina neno naye na nina neno nawe” ni sentensi ambayo hakuna mwanamume wa Gahanga atakayeiita ya kizungu. Kuanza na haki za binadamu kabla ya ushangazi ni kuacha silaha nzuri zaidi mlangoni.

Hesabu saa, usihesabu makosa

Wiki ya kwanza kaa nyumbani na uangalie. Beba daftari dogo. Andika mtoto yupi anafanya nini, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, bila kumwambia mtu kwamba ni uchunguzi.

Utakachoona katika nyumba nyingi ni hiki. Binti wa miaka kumi na miwili anarudi, anavua sare, anachukua dumu la njano la lita ishirini na kushuka bombani. Foleni ipo. Anapanda na maji kichwani, anayamimina kwenye pipa, anashuka tena. Anawasha jiko la mkaa kwa maharage, ambayo Rwanda nzima inajua hayaivi chini ya saa mbili. Mdogo wake wa mwisho anataka kuogeshwa. Kaka yake, aliyemzidi mwaka mmoja, amekaa barazani akisubiri maji ya kuoga, na maji hayo ni yale yaliyobebwa na dada yake. Hakuna anayempiga binti huyu. Hakuna anayemtukana. Baba yake anampenda, na akiulizwa ataapa kwamba wanawe wote ni sawa kwake. Ndiyo maana lawama hazifiki popote: mtu unayemlaumu hajioni ametenda kosa. Saa anaziona. “Jumatatu hadi Ijumaa, huyu alikuwa na saa nne za kusoma, na huyu kumi na tano.” Kaka yako amesoma hesabu. Mwachie daftari, uende zako kulala.

Lakini kabla hujampa kaka, mpe wifi yako. Hapa wengi huharibu. Mama wa mtoto ndiye anayemtuma bombani, basi mgeni humwona mama kama adui. Mama huyo ameamka kabla ya jua, pengine anauza mboga sokoni Gahanga au anafua kwenye nyumba za Kicukiro, na bila mikono ya binti yake hana namna ya kulisha watu saba. Ukimtoa binti jikoni bila kuuliza kazi hiyo itabebwa na nani, umemwongezea mwanamke mmoja mzigo ili umpunguzie mwingine. Muulize kwanza yeye angetaka nini kipungue. Mara nyingi atataja maji. Maji yanabebwa na mvulana yeyote mwenye afya, na baba akitamka mara moja mbele ya watoto wote kwamba dumu ni zamu, zamu inaanza siku hiyo. Maneno hayo yatoke kwa baba. Yakitoka kwako yataondoka na basi lako.

Kuna njia ya mkato ambayo nakuomba uiache: kuwatumia fedha waajiri mfanyakazi wa ndani. Mfanyakazi huyo karibu kila mara ni msichana mwingine aliyetoka kijijini kusini au magharibi, mdogo, mbali na mama yake, ambaye hana shangazi wa kurudi kumwulizia. Kama una fedha, nunua pipa kubwa la maji na jiko linalookoa mkaa. Vitu hivi viwili hupunguza saa za mtoto wako bila kuchukua za mtoto wa mwenzio.

Waonyeshe mila ilivyokwisha kusogea

Mzee atasema mila ni mila. Usibishane naye juu ya mila. Mkumbushe aliyoyaona mwenyewe. Bibi yake hakula nyama ya mbuzi, kwa kuwa mwanamke akila mbuzi, walisema, ataota ndevu. Leo mishikaki ya mbuzi inachomwa kando ya barabara ya Nyamata na wanawake wanakula pamoja na waume zao, na hakuna ndevu zilizoota. Mwanamke hakukamua ng'ombe. Mwanamke hakupanda juu ya paa. Mwanamke hakugusa ngoma, mpaka msanii Odile Katese alipokusanya wanawake kule Huye wakaanza kupiga, na kundi lao la Ingoma Nshya limezunguka nchi nyingi. Mzee aliyeyakubali hayo yote hana sababu ya kung'ang'ania dumu la maji.

Na Gahanga ina hoja yake yenyewe, iliyo karibu kuliko zote. Uwanja wa kriketi uliofunguliwa Oktoba 2017 uko papo hapo, na kila mwaka mwezi wa Juni timu za taifa za wanawake huja kucheza mashindano ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari. Januari 2023 wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda Kombe la Dunia kule Afrika Kusini wakawafunga Zimbabwe, kisha West Indies, watu ambao kriketi kwao ni kama dini. Mchukue kaka yako na binti yake, wakae kwenye nyasi mchana mmoja waangalie. Usihubiri. Mwache baba aone wanaume wazima wakimshangilia msichana anayekimbia na kupiga kelele mbele za watu, kisha mrudi nyumbani. Nimeona mchana wa namna hii ukifanya kazi ambayo semina nyingi hazikuifanya.

Ardhi ndiyo penyewe

Saa za jioni zinazungumzika. Ardhi ndiyo itakayokuonyesha ndugu zako ni akina nani, na hapa Gahanga imekuwa moto zaidi kuliko vijijini, kwa sababu mashamba ya maharage na mihogo yamegeuka viwanja. Mji umeshuka kutoka Kicukiro, barabara inaelekea daraja la Nyabarongo na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na kipande ambacho babu alikigawa kwa hatua za miguu leo kinapimwa kwa mita. Kaka anayemkatalia dada yake mara nyingi hana chuki. Ana hesabu.

Jua tulikotoka. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchi ilijaa wajane na mabinti yatima waliofukuzwa kwenye ardhi na ukoo wa mume au wa baba. Aloisea Inyumba, aliyezaliwa ukimbizini Uganda mwaka 1964 na kurudi nyumbani kuwa waziri wa familia na wanawake kuanzia 1994 hadi 1999, alikuwa mmoja wa waliolibeba jambo hilo. Walikuwepo pia Haguruka, chama cha kutetea haki za wanawake na watoto kilichoanzishwa 1991, na Pro-Femmes Twese Hamwe, mwavuli wa vyama vya wanawake ulioundwa 1992. Waliorudi na waliobaki walifanya kazi pamoja, na hoja yao ilikuwa watu halisi: mjane huyu, kiwanja hiki, watoto hawa. Nawe fanya vivyo hivyo. Ukitamka “wanawake wa Afrika” kwenye kikao cha ukoo umeshampoteza baba mkubwa. Ukitaja jina la mtoto, atageuza kichwa.

Anza na hati. Kati ya 2009 na 2013 serikali iliandikisha ardhi nchi nzima, zaidi ya vipande milioni 10, na mke na mume waliofunga ndoa ya serikali wakaandikwa wote wawili. Siku hizi hati hutolewa kielektroniki. Omba kuiona, kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa mali ya familia. Soma majina. Kama wifi yako hayumo, uliza kama ndoa yao iliandikishwa kwenye ofisi ya umurenge, yaani sekta. Ng'ombe wa mahari na baraka za kanisani havimpi mke nafasi kwenye hati, na wanawake wengi hulijua hilo siku ya mazishi. Kama hawajaandikisha, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na ni zawadi kubwa kwa binti kuliko ada ya shule, kwa kuwa mama asiye na ardhi hana cha kumkingia.

Kisha zungumzia umunani, ile sehemu ambayo mzazi humpa mtoto angali hai ili aanze maisha. Sheria haimruhusu mzazi kubagua kati ya mwana na binti. Kaka atakujibu kwamba binti atapata kwa mumewe. Usimjibu kwa sheria kwanza. Mjibu kwa mila, kwa sababu mila yetu haikuwa kavu kama wanavyoisimulia. Baba alimpa binti kipande siku ya harusi, kikaitwa intekeshwa. Alimpa kingine alipoleta mjukuu kuonyeshwa, inkuri. Na binti aliyefukuzwa na mume alirudi akapewa mahali pa kulima, ingarigari. Wazee wa miaka sabini wanayajua maneno haya. Mwombe mmoja ayaeleze mbele ya vijana, wewe ukiwa umekaa kimya. Hapo ndipo sheria inaingia, ikiwa na mgongo wa kuegemea.

Uwe mwangalifu na hofu moja ambayo mabinti hawaisemi. Wengi wanajua haki yao vizuri kabisa na hawaidai, kwa sababu kaka ndiye kimbilio lao ndoa ikivunjika. Kudai kiwanja ni kuhatarisha mlango huo. Usimdharau binti anayesita, na usidai kwa niaba yake kabla hajakubali. Muulize faraghani angependa apate nini na yupo tayari kusubiri kiasi gani. Pengine atachagua kipande kidogo chenye jina lake kuliko nusu inayoleta uadui. Ni uamuzi wake.

Mkikubaliana, andikeni. Kumbukumbu za kikao ziwe na tarehe, mipaka, majina na saini za wote, mabinti wakiwemo, kisha mabadiliko yapelekwe kwa mthibitishaji wa masuala ya ardhi yaingie kwenye rejista. Umunani wa mdomoni hufa na aliyeutamka. Na kama yupo anayemletea dada karatasi ya kusaini kwamba ameachia sehemu yake, asiisaini siku hiyo. Aombe muda, asomewe na mtu wa nje ya familia. Kwenye wilaya ya Kicukiro, kama kila wilaya, ipo ofisi ya MAJ inayotoa ushauri wa sheria bure. Mkishindwa kuelewana, wapo abunzi, wasuluhishi wanaochaguliwa na wananchi, kwenye akagari, ngazi iliyo chini ya umurenge, na kwenye umurenge wenyewe. Hawalipwi wala hawalipishi, na sheria inataka wanawake wasipungue asilimia 30 kati yao. Nenda kwa abunzi kabla ya mahakama, na nenda ukiwa na baba mdogo mmoja upande wako. Mzee mmoja mwanamume anayesema “mtoto apewe” ana uzito mkubwa sana pale, na kumpata ndiyo sababu ya sukari ile ya wiki ya kwanza.

Ukitaka jambo litoke nje ya nyumba moja, yapo majukwaa tayari. Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, humalizika kwa mkutano, na jioni za Umugoroba w'Imiryango hukusanya familia za kijiji kuzungumzia mambo kama haya. Mtafute kiongozi wa kijiji mapema, usimshtukize. Na bora zaidi asimame kaka yako aeleze zamu ya maji inavyokwenda kwake, wewe ukae nyuma.

Yasiyo na mazungumzo

Yote hapo juu yana subira. Haya hayana.

Hedhi isimkoseshe mtoto shule. Tangu Desemba 2019 taulo za kike hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, lakini kwa familia inayohesabu sarafu bado ni ghali, na binti anaona haya kumwomba baba. Weka bajeti yake mikononi mwa mama. Shule nyingi zina chumba cha wasichana chenye taulo, maji na mahali pa kulala. Nenda ukaulize swali moja tu: ufunguo anao nani? Kama anao mwalimu wa kiume au umefungiwa ofisini, chumba hicho hakitumiki. Liseme kwenye kamati ya wazazi.

Akipata mimba, aendelee na shule. Utafiti wa afya ya jamii wa 2019-20 ulionyesha asilimia 5 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshazaa au wana mimba, kwa hiyo usishangae ikitokea kwenye ukoo wako, na usikubali afichwe kwa ndugu wa mbali. Novemba 2021 Tanzania iliondoa zuio la kuwarudisha shule wasichana waliojifungua, baada ya miaka ya machozi. Gahanga haina sababu ya kuanzisha zuio lake kimyakimya.

Na kama aliyemgusa ni mtu mzima, hakuna kikao cha ukoo. Hakuna ng'ombe wa fidia wala ndoa ya kufunika aibu, hata mtu huyo awe nani. Mtoto wa chini ya miaka 18 hakubali wala hakatai, ni jinai. Asioge, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, apelekwe Isange One Stop Center siku hiyo hiyo. Huduma hii ilianza hospitali ya polisi Kacyiru mwaka 2009, na mahali pamoja utampata daktari, mpelelezi na mshauri, bila malipo. Dawa za kukinga virusi vya Ukimwi zinafaa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Simu ya bure ya Isange ni 3029, na ya watoto ni 116. Mfundishe binti namba hizo kwa kichwa, maana simu ya nyumbani huenda iko mfukoni mwa yule yule anayemwogopa.

Kabla hujaondoka

Likizo yako itaisha kabla kazi haijaisha. Usimchukue mtoto ukaenda naye mjini kama suluhisho, labda usalama wake udai hivyo, kwani wadogo zake wanabaki na dumu lile lile. Kama ana uwezo darasani, mwonyeshe wazi njia iliyopo: shule ya wasichana ya FAWE kule Gisozi, au Gashora, shule ya sayansi ya wasichana iliyofunguliwa 2011 huko Bugesera, ng'ambo ya daraja. Mpeleke aione kwa macho.

Mkabidhi kwa mtu mwenye jina. Kila kijiji kina Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mjue mwanamke huyo, kunywa naye chai, mpe namba yako mbele ya wifi yako ili isionekane umeweka mpelelezi. Ukipiga simu baada ya hapo, zungumza na binti mwenyewe na uulize jambo la kupimika: jana ulianza kusoma saa ngapi? Mwite kaka yake pia, naye umuulize zamu yake ilikuwa lini.

Safari ijayo ipange iangukie Julai au Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kwa sababu ndipo kazi za nyumbani humwelemea msichana, na kikao cha familia kinaweza kukamilika. Mpe kaka yako tarehe kabla hujapanda gari, na umwambie hati ya ardhi utaiulizia tena.